Kinyangiri nayo ilikuwa mwisho wa reli

Mwaka 1978, nikiwa kidato cha kwanza, bwenini mwetu alikuwepo kijana wa Ujiji ambaye mazungumzo yake yote yalikuwa na kituo kimoja: Kigoma, mwisho wa reli. Akishinda karata, mwisho wa reli. Akipata ukoko jikoni, mwisho wa reli. Usiku mmoja nikachoka kumsikiliza, nikamwambia basi hata kwetu Kinyangiri ni mwisho wa reli.

Bweni zima likaangua kicheko. Kinyangiri ndiyo wapi? Iramba, nikasema, mkoa wa Singida. Wakacheka upya. Hata Singida mjini hamna treni, itoke wapi huko kwenu kwenye uwele? Kesho yake kesi ikafika kwa mwalimu wa jiografia, mtu mpole asiyependa kumwaibisha mtoto. Akafungua atlasi, akaweka kidole Dar es Salaam na kukisukuma taratibu: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Tabora, Kigoma. Pale Manyoni nilikikazia macho kile kidole nikikiombea kikate kona kupanda kaskazini. Hakikukata. Kuanzia siku ile nikaitwa Mwisho wa Uongo, na jina hilo nilikaa nalo miaka minne.

Likizo ilipofika nikapeleka mashitaka kwa babu, baba yake mama, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia habari za treni. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisafisha kiko. Kisha akauliza, "Hiyo atlasi imechapwa lini?"

"Sijui, babu."

"Basi rudi ukamuulize mwalimu wako. Mimi kifusi cha reli hiyo nimekibeba kwa kichwa hiki."

Sikumuuliza mwalimu. Ilinichukua miaka mingi, na safari ya kikazi iliyonifikisha kwenye maktaba moja Dar es Salaam, kuiona ramani ya Tanganyika ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Pale Manyoni ule mstari mweusi wenye vijiti ulikuwa umekata kona kabisa. Ulipanda Singida, ukapita, ukasimama mahali palipoandikwa Kinyangiri. Nilisimama pale nikitamani bweni zima liwepo.

Kinyangiri ya leo ni kata ya Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na kupewa makao makuu Nduguti. Mgeni anayetoka Singida huiacha barabara kuu ya Nzega pale Iguguno, akashika upande wa kaskazini. Ataona mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba kuna aliyeyapanga, mashamba ya alizeti, mtama na uwele, ng'ombe, na upepo ambao mtu wa Singida hausikii tena mpaka ahamie mji usio na upepo. Hataona kitu cha kumwambia kwamba hapa wasafiri waliwahi kukata tiketi.

Reli ya Kati ilianzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na ikagusa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Waingereza walipokabidhiwa nchi wakaanza kuichipuza matawi: Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, Moshi hadi Arusha mwaka 1929. Tawi la Manyoni kwenda Singida na Kinyangiri lilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1930, karibu kilomita 150 za reli nyembamba ya upana wa mita moja. Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Nyanda za juu za Iramba zilikuwa na nafaka, karanga, samli na ngozi, na ng'ombe wasiohesabika. Upande wa magharibi, chini ya mteremko, ilikuwapo dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Wapenzi wa sarafu za kale wanaijua dhahabu hiyo hata kama hawajawahi kufika Iramba: ndiyo waliyopigia Tabora zile sarafu za rupia 15 mwaka 1916, zenye picha ya tembo, vita vilipoikatia koloni mawasiliano na Ulaya. Siku hizi sarafu moja inauzwa ghali kuliko zizi zima la ng'ombe wa babu.

Lakini reli ile ilizaliwa mwaka wa njaa. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote baada ya 1929. Nzige wekundu walikuwa wakizunguka nchi wakila kile ambacho mabehewa yangekuja kubeba. Mwaka 1932 London ilimtuma Sydney Armitage-Smith kuja kukagua hazina ya Tanganyika iliyokuwa imekauka, na reli za Tanganyika wakati huo zilikuwa mdomo mkubwa wa kulisha. Na malori yalikuwa yameshaanza kutafuta njia zake. Lori halihitaji stesheni masta, wala tangi la maji katika nchi ambayo mwezi wa Oktoba mtu hupima maji kwa kata. Injini ya mvuke inakunywa kuliko kundi la ng'ombe, na haiwezi kuambiwa isubiri masika.

Babu hakuwa na habari na hesabu hizo. Alikuwa kijana, akaitwa na jumbe pamoja na wenzake, akapewa karai na sururu. Walichimba huku, wakajaza kule, tuta likainuka. Alikuwa akisema kwamba Kiswahili alikijulia pale. Nyumbani kilikuwa Kinyiramba kitupu, lakini kwenye tuta walichanganyika Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi na wanyapara wa kutoka mbali, wala hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake. Matokeo yake Kiswahili cha babu kilikuwa cha reli mpaka siku anazikwa. Chakula kikiwa tayari, "gadi amepepea kijani." Bibi akibadili maneno katikati ya ugomvi, "huyu amevuta pointi." Mtu mvivu alikuwa "behewa", kwa kuwa haendi mpaka avutwe. Sisi wajukuu tulidhani ndicho Kiswahili cha kawaida. Nilipokwenda sekondari nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba gadi amepepea kijani, akaniuliza kama nina homa.

Siku ya treni, alisema, Kinyangiri ilikuwa soko hata kama si siku ya soko. Wanawake walikaa na makuku, mayai, mihogo ya kuchemsha, maziwa mgando kwenye vibuyu. Watu walitoka mbali kuja kuangalia tu. Wengine walitoka upande wa Isanzu, wakalala njiani, wakaitazama injini ikigeuzwa kuelekea ilikotoka, wakarudi kwao kwenda kusimulia. Hilo la kugeuzwa babu alilipenda kuliko yote. Treni ya Dodoma inapita, alisema, inapita tu na kwenda kwa wengine. Ya kwetu ilikuwa inafika.

Mzigo mkubwa wa reli ile, ukimsikiliza babu, ulikuwa watu. Vita vya Pili vilipofika Asia na Wajapani wakaziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nyuzi za huko zilikatika sokoni, na Waingereza wakaikumbuka mikonge ya Tanganyika. Kamba za meli, magunia, vyote vikawa vinatafutwa hapa. Serikali ikaandikisha watu kwa lazima, mawakala wakazunguka vijijini, na mikoa isiyokuwa na zao la biashara ndiyo iliyotoa vijana. Singida ilikuwa mmojawapo. Manamba, wakaitwa, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu alisema alikwenda kwa hiari yake kutafuta mahari ya mdogo wake. Bibi alisema alikuwa anakimbia kodi ya kichwa. Nadhani wote wawili walisema kweli.

Alipandia Kinyangiri. Aliyataja majina ya njia kama mtu anayesoma sala: Singida, Manyoni, Dodoma, Kilosa, mpaka Kimamba kwenye mkonge. Kule alikata majani kwa vipande. Kipande ni siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haihesabiki, kwa hiyo mwezi wa kalenda ulikwisha na kipande kikabaki. Alikaa miaka mitatu na ushei. Mikono yake ilibaki na makovu ya miiba ya mkonge, madogo na meupe, kama punje za mtama.

Wakati yeye anakata mkonge Kimamba, nyuma yake reli ikang'olewa.

Ukoo wetu hauna mwaka mmoja wa kuushika kwa tukio hilo. Mmoja anasema ni karibu na watu simba, yale mauaji yaliyoitikisa Singida mwaka 1946 na 1947, wengine wanasema ni kabla. Njia yenyewe ilifungwa na kung'olewa katika miaka hiyo ya 1940. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu, na Tanganyika ilikuwa na pupa ya reli mpya kwingineko. Mradi wa karanga ulianza Kongwa mwaka 1947 na kutaka tawi lake. Kusini ikaanza kujengwa njia ya kwenda Nachingwea kwa karanga hizo hizo. Kutoka Kaliua likatandikwa tawi la Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi. Njia isiyolipa kati ya Manyoni na Kinyangiri ilikuwa ng'ombe mzee katika boma lenye wageni.

Karanga zenyewe, kila Mtanzania aliyesoma historia anajua zilivyokwisha. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi za walipakodi wa Uingereza, na reli ya Nachingwea nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wamwera wa huko na sisi Wanyiramba tungeweza kuwa watani kwa hilo peke yake.

Mpwa wangu mmoja anaishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na anajua ugonjwa wangu wa reli. Mwaka jana alitembelea Hawes, mji mdogo wa soko huko Yorkshire, wa kondoo na jibini, akanitumia picha. Treni ya mwisho ya abiria iliondoka Hawes mwaka 1959, hata kabla ya ripoti ya Richard Beeching ya 1963 iliyopendekeza stesheni zaidi ya 2,000 za Uingereza zifungwe. Waingereza, kumbe, walizing'oa na za kwao. Lakini stesheni ya Hawes ipo. Ni sehemu ya makumbusho, na pembeni ya jukwaa limeegeshwa garimoshi la zamani na mabehewa yake, limepakwa rangi, watoto wanapigwa nalo picha. Wazee wa miji kama hiyo huandika vijitabu: nani alikuwa stesheni masta, duka la nani lilitazamana na njia, treni ya soko ilibeba kondoo wangapi. Nilizitazama picha zile kwa wivu, nakiri. Sikulionea wivu garimoshi. Niliwaonea wivu wale wazee na vijitabu vyao, kwa sababu wetu walikuwa na habari nyingi kuliko hizo, na tukawazika nazo.

Kilichobaki kwetu nilipokuwa mtoto kilikuwa vipande. Kulikuwa na mstari wa udongo ulioinuka, tulioambiwa kuwa ndio tuta, ambao mbuzi waliupenda kwa sababu hautuamishi maji. Mhunzi mmoja alikuwa na kipande cha chuma cha reli alichokifanya fuawe, akifulia majembe na shoka, na alikuwa haruhusu mtoto kukikalia. Na shuleni tulikuwa na kengele. Ilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono wangu wa wakati huo, kimening'inizwa kwa waya kwenye mgunga. Kiranja wa zamu alikigonga kwa nondo, na sauti yake ilikwenda mbali kuliko kengele ya kanisa. Bibi alikuwa shambani, mwendo wa nusu saa, na aliisikia. Akajua tumechelewa kabla hatujachelewa.

Mwaka 1974 watu walipohamishiwa kwenye vijiji, ndugu zetu waliokuwa wametawanyika na ng'ombe wao maporini waliletwa wakajenga kwa mistari. Nakumbuka tembe zikibomolewa, miti yake ikabebwa kwenda kujengea nyumba mpya, na udongo ukaachwa. Bibi alisimama anaangalia. Alisema neno moja ambalo sikulielewa wakati ule: "Hawa nao wanang'oa."

Lakini mimi Kinyangiri yangu ni ya mnada. Siku ya mnada kijiji kilivimba. Wabarabaig walikuja na ng'ombe, warefu, wamejifunga migorori, wakisimama kwa mguu mmoja wakiegemea fimbo, hawana haraka na bei ya mtu. Wanyaturu walileta vitunguu na kuku. Ilikuwapo asali ya porini, nyeusi, iliyosemekana imetoka kwa Wahadzabe upande wa Yaeda, na wauzaji wake waliwahi kutuapia hivyo hata pale tulipowaona wakiichotea nyuma ya nyumba. Chumvi ilipimwa kwa kopo la maziwa. Nyama ya mbuzi ilichomwa kwenye mishikaki ya mti, ugali wa mtama ukaletwa kwenye sinia, na mlenda kwa asiyekuwa na hela ya nyama. Pombe ya mtama ilikuwa upande wa pili, na huko watoto tulikatazwa, ndiyo maana nakumbuka kila kitu cha huko. Jioni malori aina ya Bedford yalipakia ng'ombe kwa kelele, fimbo na matusi ya lugha tano.

Babu alikuja mnadani kila mara, na kila mara akafanya jambo lile lile. Lori likijaa na dereva akiwa anawasha, alisogea karibu, akatazama magurudumu, akatikisa kichwa. "Linaondoka tu," aliniambia mara moja, "hakuna hata mtu wa kupepea."

Baada ya Uhuru serikali ilijenga tena tawi la Manyoni, likaishia Singida. Kinyangiri haikufikiwa. Agosti mosi 2024 reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi, na kipande cha Makutupora hadi Tabora kinajengwa kupitia Manyoni. Kwenye basi la Singida siku hizi watu hawana habari nyingine: nauli ya treni ya umeme, saa inazotumia, kiti cha dirishani. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilikaa na kijana anayesafirisha kuku kwa matenga kwenda Dar es Salaam. Kuku wa Singida wana jina kule, na vijana kama yeye wamejenga nyumba kwa jina hilo. Aliniuliza, "Mzee wangu, unadhani ipo siku reli itafika Kinyangiri?" Nikamwambia ilishafika. Akanitazama kwa ile huruma ya bweni la 1978, akageukia dirisha.

Bibi ndiye aliyenimalizia hadithi, babu alipokwisha kufariki. Alikuwa hapendi kuisimulia mbele yake kwa sababu babu aliigeuza kuwa kichekesho.

Watu walipokuja kung'oa, alisema, walianzia mwisho, yaani kwetu. Walifungua nati, wakainua chuma, wakakipakia kwenye treni ile ile, kisha treni ikarudi nyuma kidogo, wakafungua tena. Kila siku ilikuwa mbali zaidi. Watoto waliifuata mpaka wazazi wakawakataza. Wanaume waliobaki walisema ni mambo ya serikali. Wanawake ambao waume zao walikuwa kwenye mkonge walikwenda kusimama pale palipokuwa stesheni. Bibi alikuwa na mtoto mgongoni, mjomba wangu mkubwa, ambaye baba yake alikuwa hajamwona. Aliniambia walikuwa na hofu moja tu, na hakuna aliyeitamka: kama treni haiji tena, hao waliokwenda nayo watarudi na nini?

Babu alipomaliza vipande vyake alipewa tiketi ya kurudi. Akashuka Manyoni, akauliza treni ya Kinyangiri. Akaambiwa hakuna. Akadhani ni ya leo ndiyo hakuna, akalala pale. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu mtu mmoja akamwonea huruma, akampeleka kwenye ukingo wa stesheni, akamwonyesha mawe. Basi akajitwisha sanduku lake la bati, akaanza kutembea. Alitembea kwenye kokoto, mchana tu, kwa sababu ya simba na ya watu simba. Singida aliingia Ziwa Kindai kuosha miguu, akiwa amesahau kwamba maji yale ni ya chumvi, na malengelenge yote yakawaka moto; hapo ndipo babu alipokuwa akicheka mpaka kukohoa anaposimulia. Siku ya sita, jua linazama, mbwa wakabweka.

Bibi alikuwa anapepeta. Aliona mtu amesimama uani na sanduku kichwani, mwembamba, miguu imevimba, na hakumtambua mpaka alipoongea. Nilimuuliza bibi alimwambia nini baada ya miaka mitatu.

"Nilimwambia, umeijuaje njia, na wameshaichukua?"

"Naye?"

"Akasema, mume wangu," bibi huniita hivyo, "akasema wamechukua chuma, mawe wameyaacha."